Miezi 5 nilijitibu fangasi ukeni, kumbe ugonjwa ulishabadilika

Naandika hii kwa ajili ya dada yeyote ambaye saa hizi amekaa chooni anajikuna na anaona aibu kumwambia mtu, maana mimi nilikuwa huyo. Nilikaa miezi 5 naingiza dawa, naacha, naingiza tena, na makosa niliyofanya ni mengi, mengine ukiyasikia utasema hata mimi nayafanya. Sitaficha kitu na nitataja vitu kwa majina yake, kwa sababu kilichonichelewesha zaidi ya chochote ni kushindwa kutamka neno uke mbele ya mtu ambaye angeweza kunisaidia.

Ilianzia kwenye jino. Jino lilikuwa na usaha nikapewa antibayotiki za siku 7, jino likapoa vizuri tu, lakini siku ya 5 ya dozi nikaanza kuhisi muwasho huku chini. Mwanzo kidogo, kama chupi imebana, usiku ikawa moto kabisa. Wakati ule sikujua kabisa kama vitu hivi viwili vinahusiana. Baadaye sana ndio nikaelezwa kwamba ukeni kuna bakteria wazuri, wanaifanya sehemu ile iwe na tindikali na wanawabana fangasi wanaoitwa kandida wasizidi, sasa antibayotiki ikipita inaua bakteria wa kwenye jino na hao walinzi inawaondoa pia, fangasi wanabaki na uwanja wao. Hao kandida wengi wetu tunao siku zote na hawatusumbui, shida ni wakizidi. Kwa hiyo sio uchafu wala sio umalaya, na nasema hivi kwa sababu mimi jambo la kwanza nililofanya ni kumshuku mwenzangu. Wiki nzima sikuongea naye vizuri. Nilimkosea, na nilikuja kumwomba msamaha.

La pili nililofanya ni kujiosha. Nikaosha kwa sabuni, nikaingiza maji ndani kwa vidole, nikakalia maji ya chumvi ya moto, asubuhi na jioni, nikiamini nasafisha. Ngozi ikavimba ikawa nyekundu, mkojo ukigusa pale unachoma hadi machozi, nikajiambia basi hii ni UTI. Kumbe kuna kuungua kwa aina mbili, ule wa ndani wakati mkojo unatoka kwenye njia yake, na ule wa nje mkojo unapopita juu ya ngozi iliyochubuka. Wangu ulikuwa wa nje. Uke unajisafisha wenyewe jamani, nje unaosha kwa maji ya kawaida inatosha, ndani usipeleke sabuni, usipeleke marashi, wala vile vitu vya jikoni ambavyo watu wanashauriana kuingiza.

Siku ya kwenda duka la dawa nilisubiri watu watoke kwanza. Nikasogea nikasema kwa sauti ya chini, nawashwa. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja, hakuuliza unawashwa wapi, una mimba, uchafu unaotoka ukoje, ni mara yako ya kwanza, na mimi kwa aibu niliona afadhali hajauliza. Akanipa boksi la vidonge 6 vya kuingiza ukeni, klotrimazoli ya miligramu 100, na kibomba cha plastiki cha kusukumia. Nikaweka kwenye mkoba haraka kama mtu aliyeiba. Kile kikaratasi cha maelezo kilichokunjwa kunjwa ndani ya boksi nilikitupa siku ileile bila kukifungua. Kama kuna kitu kimoja ningeweza kurudi nikibadilishe ni hicho.

Kwa sababu usiku ule niliingiza nikiwa nimesimama mguu mmoja juu ya ndoo, haraka haraka, halafu nikaendelea na shughuli zangu nikaosha vyombo nikapiga deki. Baada ya muda kidonge kikadondoka kwenye chupi, kimelainika upande mmoja upande mwingine bado mkavu. Nikakiokota nikakiangalia nikajua dawa imepotea. Kesho yake nikaweka asubuhi kabla ya kutoka, mchana kutwa nahisi inatiririka. Usiku wa 3 ndio nikaweka nikiwa nalala, na usiku huohuo muwasho ukakata. Nikafurahi, nikasema nimepona, vile vidonge 3 vilivyobaki nikaviweka kwenye droo nikaita akiba.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Muwasho kukata maana yake fangasi wamepungua, haimaanishi wameisha. Wiki 2 hazikupita, wakarudi, na safari hii na ule ute mweupe mzito wa mabonge kama maziwa ya mgando, hauna harufu, umeganda kwenye mikunjo. Nikatoa akiba yangu ya droo nikaingiza. Asubuhi nikaamka nikakuta chupi imejaa vitu vyeupe, chenga chenga na ute wa unga unga. Mimi nikatafsiri kwamba ugonjwa ndio unatoka, tena mwingi, kwa hiyo dawa ni ndogo. Nikanunua boksi lingine, nikaanza kuweka vidonge 2 kwa usiku mmoja, na jinsi vile vyeupe vilivyozidi na mimi ndivyo nilivyozidi kuogopa, nikiogopa naongeza dawa, nikiongeza dawa vyeupe vinaongezeka. Kumbe nilichokuwa nakiona ni dawa yenyewe! Kidonge kinayeyuka kwa unyevu wa ukeni, mabaki yake yanatoka asubuhi, ni kawaida kabisa, unavaa pantilaina au pedi nyepesi basi. Kama kinatoka kipande kikubwa hakijayeyuka inawezekana sehemu ilikuwa kavu au hukukifikisha ndani vya kutosha. Lakini kuongeza dozi hakusaidii, mimi kilinipa kuungua kulikopita hata ule muwasho wa mwanzo. Kidogo kuchoma siku ya kwanza kunatokea kwa watu wengi kwa sababu ngozi tayari ina vidonda vidogo vidogo, ila ukiungua sana, ukavimba, ukatoka vipele, hiyo acha uende hospitali, mwili unaikataa dawa.

Katikati ya hayo likatokea la kondomu. Sisi tulikuwa tunategemea kondomu tu. Siku mbili baada ya kumaliza lile boksi la pili, kondomu ikapasuka. Tukasema bahati mbaya. Ni kwenye boksi jingine, siku nilipokuja kusoma kikaratasi kwa mara ya kwanza, ndipo nikakuta imeandikwa wazi kwamba dawa hizi za kuingiza ukeni, za vidonge na za krimu, zinadhoofisha mpira wa kondomu, na tahadhari iendelee kwa siku kadhaa baada ya dozi kwisha. Niliambiwa baadaye nihesabu angalau siku 3. Nilimeza kidonge cha dharura cha kuzuia mimba siku ileile ilipopasuka, lakini zile wiki za kusubiri hedhi sitaki hata kuzikumbuka, kila asubuhi naamka naangalia. Ikaja. Sasa hivi sheria yetu ni moja, nikiwa kwenye dozi tunalala tu, hakuna tendo, na kusema kweli kwa ngozi iliyochubuka hata hamu yenyewe huna.

Mwezi wa 3 wa kujitibu, rafiki yangu wa karibu, kwa nia njema kabisa, akanipa tyubu ya krimu yake. Shoga paka hii, mimi ilinikausha kwa siku moja. Na kweli, saa chache tu muwasho ukalala, nikamwona mkombozi. Siku nilipoacha ukarudi mara mbili. Ile krimu ilikuwa ya mchanganyiko, ina dawa ya fangasi na ndani yake kuna steroidi, na steroidi inatuliza wekundu na muwasho haraka lakini inashusha kinga ya ngozi ya pale, ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na fangasi wanapata nafasi. Kuna ambao daktari anawaandikia kwa siku chache na anajua kwa nini. Kupokezana tyubu kwa marafiki ni kitu kingine.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndipo penyewe. Mwezi wa 4 mambo yalibadilika na sikutaka kuyaona. Muwasho ulipungua, ute ukawa mwepesi kama maji, rangi ya kijivu kijivu, na ukaanza kutoa harufu, shombo la samaki, hasa baada ya tendo. Nilianza kukaa mbali na watu. Nilibeba chupi za kubadilisha kwenye mkoba, nikikaa kwenye kiti nainuka nageuka kuangalia. Na bado kichwani mwangu ilikuwa fangasi, fangasi sugu, nikanunua boksi la 3. Nilimaliza vidonge vyote 6, usiku baada ya usiku, kwa usahihi safari hii, na harufu haikutikisika hata kidogo.

Nililia siku ya kumaliza kile cha 6. Kesho yake nikaenda kuonana na daktari.

Alikuwa mama mtu mzima. Akaniuliza maswali yote ambayo sikuulizwa pale dukani. Ute una rangi gani, mzito au mwepesi, una harufu, unawashwa au unaungua, kuna maumivu tumbo la chini, homa, vidonda, damu isiyo ya hedhi, mimba, dawa gani umetumia na mara ngapi. Nilipomhesabia boksi zangu alinyamaza kidogo akasema, mwanangu, hizi ni dawa nzuri, ila umempa mgonjwa asiyekuwepo. Akaniomba nirudi baada ya siku chache bila kuingiza kitu chochote, kwa sababu mabaki ya dawa yanaharibu kipimo. Nikarudi, akachukua ute kwa kijiti cha pamba, haichukui hata dakika na haiumi, ni ubaridi tu. Akagusisha kwenye kikaratasi kinachopima tindikali, kikabadilika rangi kupita 4.5. Akanieleza kwamba fangasi kwa kawaida wanaiacha tindikali ya uke palepale, namba ya kipimo haizidi 4.5, namba ikipanda hivi maana yake tindikali imepungua, na hapo tunaanza kufikiria mambo mengine. Sampuli ikaenda kwenye hadubini. Fangasi hawakuwepo. Nilikuwa na bakteria vajinosisi, ambayo ni bakteria wa aina nyingine waliochukua nafasi ya wale wazuri, na dawa yake ni metronidazoli, miligramu 500 mara 2 kwa siku kwa siku 7. Klotrimazoli ningeingiza mwaka mzima, kitu kile kisingeondoka.

Na kuna cha tatu, trikomonasi, hiki kinapita kwa ngono, ute wake mara nyingi wa kijani au njano wenye povu, na hapo mwenza lazima atibiwe pia. Kwa macho ni rahisi kuchanganya. Wanawake 3 kati ya 4 wanapata fangasi ukeni angalau mara moja maishani, ndio maana kila mmoja wetu akiwashwa anasema fangasi hao, lakini wengi wanaojipima wenyewe kwa kuhisi wanakosea kama nilivyokosea mimi.

Kwa kuwa nilimwambia tatizo limeanza na kurudi, daktari akapima na sukari na virusi vya UKIMWI. Moyo ulinidunda, siwezi kusema uongo. Alinieleza kwamba sukari ikiwa juu fangasi hawakomi, na kinga ikishuka hivyohivyo, kwa hiyo bora kujua. Vyote vilikuwa sawa. Nikamuuliza na kuhusu mwenzangu, atibiwe? Akasema kwa fangasi kwa kawaida hapana, labda awe na muwasho au wekundu kwenye kichwa cha uume. Nilipofika nyumbani ndipo nilipomwomba ule msamaha.

Halafu akanionya jambo ambalo lilitokea kweli. Metronidazoli nayo ni antibayotiki, ikimaliza kazi fangasi wanaweza kurudi. Siku 5 baada ya dozi, harufu imekwisha kabisa, muwasho ukaanza. Zamani ningekimbilia droo. Nilirudi kupimwa, safari hii fangasi walionekana, na nikapewa dozi ileile niliyoanza nayo, vidonge 6 vya miligramu 100 kwa usiku 6. Kumbe zipo aina nyingi, kuna cha miligramu 500 unaweka kimoja usiku mmoja tu, kuna vya 200 vya usiku 3, kuna krimu, kuna mikonazoli, kuna nistatini inayokwenda hadi usiku 14, na kuna kidonge cha kumeza cha flukonazoli miligramu 150 mara moja. Kwa fangasi wa kawaida za kuingiza na ya kumeza zinaponyesha karibu sawasawa, kuwa na siku chache hakumaanishi dawa ni kali zaidi, ni jinsi dozi ilivyogawanywa. Mimi nilichagua tena ya usiku 6 kwa sababu nilitaka nimalize kitu kwa mkono wangu.

Nakueleza nilivyofanya. Nikamaliza kazi zote za nyumba kwanza, nikakojoa, nikanawa mikono kwa sabuni nikaikausha. Kidonge nikakitoa kwenye karatasi yake nikakipachika kwenye mdomo wa kile kibomba. Nikalala chali, magoti juu, miguu imeachana kidogo, nikavuta pumzi nikaitoa taratibu, maana ukikaza misuli hakiingii na kinaumiza. Nikaingiza polepole kuelekea mgongoni, sio kunyoosha juu, hadi pale ambapo bado sisikii maumivu, nikasukuma kile kipini cha nyuma hadi mwisho, nikakitoa kibomba. Sikuinuka tena. Pantilaina nilishavaa tayari kwenye chupi ya pamba. Asubuhi vile vyeupe vikatoka, nikavitazama bila hofu, nikaosha nje kwa maji, basi. Usiku wa 2 muwasho ulikuwa umepungua, wa 3 hakuna, na wa 4, wa 5 na wa 6 nikaweka vilevile. Nilipanga isiangukie kwenye hedhi kwa sababu damu inaisukuma dawa nje, ila ikikukuta katikati unaendelea, unatumia pedi, usitumie tamponi maana inanyonya dawa yote.

Kama ningekuwa sijapata nafuu ndani ya siku 7 ningerudi, hayo ndiyo maagizo niliyopewa. Na anayepata fangasi mara 3 au zaidi ndani ya mwaka asiendelee kununua mwenyewe, huyo anahitaji kuoteshwa sampuli maabara kwa sababu kuna kandida wa aina nyingine hawasikii vizuri dawa hizi za kawaida, na kuna wanaopewa flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi 6 ili wasirudi. Homa, maumivu ya tumbo la chini, vidonda, damu, hayo yote ni ya hospitali moja kwa moja. Pia ukiwa unameza varfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie anayekuhudumia kabla hujagusa mikonazoli hata kama ni ya kuingiza ukeni tu, kwa sababu inapita kwenye damu kidogo na inaweza kukufanya utokwe na damu. Shangazi yangu anameza hiyo varfarini na hakuwahi kuambiwa, nilimwambia mimi.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia ujumbe saa 5 usiku, dada nawashwa huku chini vibaya sana, nina kidonge kimoja cha fangasi nimepewa na mwenzangu nimeze? Nikampigia badala ya kuandika. Nikamuuliza, kidonge gani, akasoma, flukonazoli. Nikamuuliza hedhi yako ya mwisho lini. Akakaa kimya. Halafu akasema kwa sauti ndogo, dada sijakwambia bado, nina miezi miwili.

Nilimwambia akirudishe kwenye karatasi yake asikimeze, mjamzito hatakiwi kujimezea flukonazoli. Asubuhi nilimsindikiza kliniki. Nilikaa naye mle ndani, na pale alipoanza kusema naumwa huku, nikamshika mkono nikamwambia sema uke. Akasema. Akapimwa, walikuwa fangasi kweli, akapewa klotrimazoli ya usiku 7 ya kuingiza, na nesi akamwelekeza aingize kwa kidole taratibu bila kutumia kibomba kwa sababu ya mimba. Kila usiku nilimtumia ujumbe mmoja tu, umeweka? Usiku wa 4 akanijibu muwasho umeisha dada, niache? Nikamwambia bado 3. Akaweka zote.